Kabla ya Kununua Ruta, Tazama Jenereta Yako

Fundi wa Kasongo anayetaka kununua ruta hupewa ushauri uleule kila anapouliza: nunua yenye nguvu, ndogo itakuangusha. Ushauri huo unafaa Lubumbashi au Dar es Salaam, kwa fundi ambaye umeme wake unatoka ukutani. Kwetu umeme hutoka kwenye jenereta inayokunywa petroli iliyosafiri siku nyingi barabarani, au kwenye paneli ya jua iliyofungwa juu ya bati. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo muuzaji hulitaja mwishoni, kama atalitaja: ruta yako haiwezi kufanya kazi kupita umeme unaoilisha. Jua kwanza una wati ngapi, halafu ndipo uulize habari za chapa na bei.

Kwa ambaye hajaishika, ruta ni mota iliyosimama wima juu ya kitako bapa. Chini yake kuna biti, mara nyingi yenye makali mawili, inayozunguka kati ya mara 10,000 na 30,000 kwa dakika. Inachimba mifuo, inakata ngazi ya ukingoni ambamo kioo cha dirisha hukaa, inaviringa kona za meza, na ikipewa kiolezo hutoa kipande cha kumi sawasawa na cha kwanza. Ukiwa Kindu au Bukavu ulizia defonsezi. Ukiagiza kupitia Kigoma, sema ruta, na uonyeshe picha, ili usije ukaletewa randa ya umeme.

Atelye za Kasongo na Kabambare haziishi kwa magitaa. Zinaishi kwa milango, madirisha, vitanda, madawati ya shule, viti vya kanisani na majeneza. Gitaa huja pembeni: kwaya inataka la pili, kijana ameleta lililovunjika shingo, mwalimu anauliza kama linaweza kutengenezwa jipya. Fundi anayeipenda kazi hiyo anatafuta mashine moja itakayomlisha kwa milango na kumwezesha kujenga gitaa. Inawezekana, ila kazi hizi mbili zinaivuta mashine pande mbili tofauti, na ni vizuri kuelewa zinavutana wapi kabla ya kutoa pesa.

Gitaa lenyewe halianzi na ruta. Huko Lemba, Kinshasa, Misoko Nzalayala, ambaye wanamuziki wanamjua zaidi kwa jina la Socklo, amejulikana kwa magitaa anayoyatengeneza kwa zana sahili na vifaa vinavyopatikana hapohapo mjini. Msumeno, randa, patasi kali na subira vinatosha kujenga chombo kinachoimba. Nayasema haya kwa sababu nawaona vijana wanaosubiri mashine miaka na miaka bila kujenga gitaa hata moja. Kama hujawahi kuchonga shingo kwa mkono, pesa ya ruta itumie kwanza kununua patasi tatu nzuri na jiwe la kunolea. Ruta humfaa yule ambaye tayari anajua mfuo unatakiwa kuwa wapi na kwa kina gani, na anataka uwe hivyo kila mara bila kutumia nusu siku.

Tuje kwenye umeme. Ruta ya wati 1800 kwenye volti 220 huvuta ampea 8 hivi ikiwa inakata kwa nguvu zake zote, na pale inapowashwa huvuta zaidi ya hapo kwa kitambo kifupi. Jenereta nayo ina maandishi mawili: kiwango cha juu, ambacho huandikwa kwa herufi kubwa, na kiwango cha kuendelea, ambacho huandikwa kwa herufi ndogo. Cha pili ndicho cha kweli. Zile jenereta ndogo za kubeba kwa mkono mmoja, ambazo petroli yake huchanganywa na oili, hutoa wati 650 hivi kwa kazi ya kuendelea. Zinawasha taa na kuchaji simu, lakini hata ruta ndogo zitaisumbua. Kipimo ninachokishauri ni hiki: wati za kuendelea za jenereta ziwe mara moja na nusu ya wati za ruta, na kama ruta haina mfumo wa kuanza polepole, ziwe mara mbili. Ruta ya wati 710 isiyo na mfumo huo basi inataka jenereta ya wati 1400 na kitu. Ruta ya wati 2100, hata iwe na mfumo wa kuanza polepole, inataka jenereta ya zaidi ya wati 3000, na jenereta ya namna hiyo huchoma lita moja ya petroli au zaidi kwa saa ikifanya kazi, na huendelea kuchoma hata pale unapopima tu huku mashine imelala.

Waya nao hula umeme. Wengi wetu huweka jenereta mbali ili kukwepa moshi na kelele, jambo zuri kabisa, kisha huunganisha kwa waya mwembamba wa taa. Mita 50 za waya wa milimita za mraba 0.75, ukivuta ampea 8, hupoteza karibu volti 20 njiani. Mota inayopewa volti pungufu huku inalazimishwa kukata hupata joto hadi ndani. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, na ukunjue wote: waya uliobaki umeviringwa hupata moto.

Soma bamba la mashine kabla ya kitu kingine chochote. Ndugu aliye Marekani anaweza kukutumia ruta nzuri sana ya volti 120, na siku utakapoichomeka kwenye 220 itaungua. Hezi 50 au 60 si tatizo kwa mota hizi za kaboni. Volti ndiyo tatizo. Kama tayari unayo ya volti 120, itafutie transfoma yenye wati za kutosha, na uandike volti hiyo kwa rangi nyekundu juu ya plagi, maana siku moja mwanafunzi wako ataishika wewe haupo.

Kuna wanaotumia betri na inveta za paneli. Inveta za bei rahisi hutoa mkondo wenye ngazingazi badala ya wimbi laini, na ruta zenye kidhibiti cha mwendo cha kielektroniki hazipatani nao: mwendo hupanda na kushuka, wakati mwingine kidhibiti huungua. Mwenye inveta ya aina hiyo atafute ruta isiyo na elektroniki, kwa mfano Makita 3709 ya wati 530, ambayo ina mwendo mmoja tu wa mizunguko 30,000 na ndani yake hakuna cha kuharibika zaidi ya kaboni na beringi. Au anunue inveta ya wimbi laini na alale usingizi.

Njia nyingine ambayo naona inaifaa Kabambare kuliko wengi wanavyodhani ni ruta ndogo ya betri. Makita wanayo ya volti 18, DRT50, yenye mwendo wa 10,000 hadi 30,000. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 hubeba wati-saa 90. Ukikata kwa nguvu, hiyo ni kama dakika kumi za kazi. Ukifanya kazi nyepesi za gitaa, inatosha kwa mifuo mingi. Betri mbili zinazochajiwa kwa zamu mchana kwa paneli zitamwezesha fundi kujenga gitaa bila tone la petroli. Kwa milango kumi ya shule hazitoshi, na bei ya betri ni kubwa. Anayetengeneza milango ya watu na gitaa moja kwa mwezi asianze na hii.

Sasa kazi zenyewe. Gitaa la kawaida, lile lenye tundu la duara, lina kazi nne za ruta na zote ni nyembamba. Kuna mfuo wa fimbo ya chuma ndani ya shingo, upana wa milimita 6 hivi na kina cha 9 au 10 kwa fimbo nyingi zinazouzwa. Kuna mfuo wa duara wa pambo linalozunguka tundu, kina milimita 2 au pungufu. Kuna ngazi ndogo kwenye ukingo wa uso na mgongo, ambamo hubandikwa utepe wa ubao unaoziba njia ya unyevu na kulinda kona. Na kuna kupunguza uso na mgongo vinavyochomoza nje ya mbavu baada ya kugandishwa. Hakuna hata moja inayohitaji zaidi ya wati 700. Tena ruta kubwa hapa ni hatari. Uso wa gitaa una unene wa milimita 3 au chini yake. Weka juu yake mashine ya kilo 6 iinamie nje kidogo tu, na kazi ya wiki mbili imepasuka ukingoni. Ruta ya mkono mmoja yenye kilo 2 hivi unaihisi viganjani, unaisikia inapotaka kukwama, unairudisha.

Gitaa la umeme ni habari nyingine. Kiwiliwili chake ni ubao mnene wa milimita 45 hivi, na ndani yake lazima uchimbe chumba cha mikro inayonasa sauti ya nyuzi, chumba cha swichi na vifundo, na kikao cha shingo, ambacho kwa magitaa ya mtindo wa Fender kina kina cha milimita 16. Mbao ya kuondolewa ni nyingi. Ruta kubwa huifanya kazi hiyo kwa haraka, lakini ndogo pia huiweza ukiisaidia: toboa kwanza kwa keekee, tundu kando ya tundu, kina pungufu kidogo ya unachokitaka, kisha ruta iachiwe kusafisha kuta na sakafu, milimita 3 kwa kila mzunguko. Umbo la nje likate kwa msumeno mwembamba hadi ibaki milimita 1 au 2 nje ya mstari, ndipo ruta ipite. Wanaokata umbo zima kwa ruta peke yake wanachoma petroli na kuua biti kwa kazi ambayo msumeno ungeifanya bure.

Milango inataka mashine nzito zaidi. Ngazi ya milimita 12 kwa 12 kwenye fremu ya kambala, urefu wa mita mbili, mara nne kwa kila mlango, hiyo ni kazi ya wati 1200 kwenda juu. Ndogo itaifanya kwa kupita mara nne au tano na itakuwa moto mwisho wa siku. Matundu ya ndimi ni kesi ya pekee: mlango mzuri unataka tundu la kina cha milimita 50 au 60, na hata ruta kubwa kama Makita RP2301FC, ya wati 2100, huzama milimita 70 tu, huku biti nyingi zinazopatikana zikiwa fupi kuliko hapo. Ushauri wangu ni kuchimba milimita 25 za kwanza kwa ruta, ili kuta ziwe wima na mdomo uwe safi, na kumalizia kwa patasi na nyundo ya mti. Ruta hapo imeshafanya sehemu ngumu, ile ya kuonekana.

Kutokana na haya, fundi wa milango na gitaa la hapa na pale, mwenye jenereta ya kVA 2 au 2.5, mimi namshauri aanze na ruta ndogo ya wati 700 hivi inayouzwa pamoja na vitako viwili, kimoja cha kawaida na kimoja cha kuzamisha. Makita RT0700C ni mfano unaojulikana: wati 710, mwendo wa 10,000 hadi 30,000. INGCO na TOTAL wanatengeneza pia ruta za bei nafuu, na fundi mwangalifu anaweza kuzitumia kwa faida. Anayetengeneza milango kila wiki na jenereta yake ni ya kVA 3 au zaidi achukue ya daraja la kati, wati 1200 hadi 1600, ya kuzamisha, yenye kidhibiti cha mwendo. Bosch POF 1200 AE iko hapo. Ya wati 2000 na kuendelea iachwe kwa atelye yenye mafundi kadhaa na meza ya ruta isiyohama. Magitaa hayataifurahia, wala petroli ya Kasongo.

Jambo linalowaumiza mafundi wengi kuliko wati ni shina la biti. Koleti ni ile pete iliyochanwa inayolikamata shina, na duniani kuna vipimo vitano vinavyochanganyika katika soko moja: milimita 6, robo inchi ambayo ni milimita 6.35, milimita 8, milimita 12, na nusu inchi ambayo ni milimita 12.7. Jicho haliioni tofauti ya milimita 0.35. Koleti ya robo inchi hata hivyo haiwezi kulishika sawasawa shina la milimita 6: biti huteleza, hujichimbia chini katikati ya kazi, au hutoka na kuruka. Mwenye duka atakwambia ukaze zaidi. Usimsikilize. Na koleti iliyowahi kukazwa juu ya shina pungufu huwa imepinda, haifai tena hata kwa shina lake.

Kwa hiyo anza na biti, kisha uende kwenye mashine. Visanduku vya biti 12 au 15 kutoka China huja kwa shina la robo inchi, milimita 8 au nusu inchi. Uliza ni kipi kati ya hivyo ambacho mletaji wako anaweza kukuletea tena mwakani, halafu nunua ruta inayokikubali. Ruta yenye koleti mbili ndani ya boksi ni bora kuliko yenye wati 300 za ziada na koleti moja. Shina nene halitetemeki sana, ndiyo maana kwa biti ndefu ya kufuata kiolezo kwenye ubao wa milimita 45 napendelea milimita 8 au nusu inchi. Kwa mifuo ya gitaa robo inchi inatosha. Unapoingiza biti, izamishe hadi mwisho kisha ivute nyuma milimita 2 au 3 ndipo ukaze. Ikigusa sakafu ya koleti, hukaza vibaya na kulegea ikipata joto.

Katika boksi tafuta bushi. Hii ni pete ya chuma inayofungwa chini ya kitako, biti ikipita katikati yake, na bushi ndiyo inayotembea kando ya kiolezo. Biti nyingi za kufuata kiolezo zina beringi ndogo juu au chini, na beringi hizo hujaa vumbi, hukwama, huunguza ukingo, na ya kubadilisha huipati hata Kindu. Bushi haina cha kuharibika, na inafanya kazi na biti yoyote iliyonyooka. Gharama yake ni hesabu tu: bushi ya milimita 10 na biti ya milimita 6 zinaacha milimita 2 kila upande, kwa hiyo kiolezo cha chumba cha mikro ukikate kikubwa kwa milimita 2 kuzunguka. Vipimo hivyo uviandike kwenye kiolezo chenyewe kwa kalamu isiyofutika. Kiolezo kitengeneze kwa tripleksi ya milimita 12, au ubao mkavu ulionyooka, na ulainishe kingo zake vizuri, kwa sababu kila kasoro iliyopo pale utaikuta kwenye gitaa.

Kazi moja bado inadai beringi, nayo ni ngazi ya utepe kwenye ukingo wa gitaa, maana kiwiliwili kimepinda na hakuna pa kubana kiolezo. Biti ya kipenyo cha milimita 12.7 ikiwa na beringi ya 9.5 hukata ngazi ya milimita 1.6. Nunua biti hiyo pamoja na beringi mbili tatu za ziada, uziweke kwenye chupa yenye kifuniko.

Mbao zetu ni kali kwa biti. Mvule, ambao wauza mbao wa Kongo huuita kambala, una mawe ndani yake: chokaa iliyogandana ndani ya nyufa za mti, ngumu kiasi cha kumega makali ya kabaidi. Huwezi kuyaona hadi uyapige. Kabla ya kupitisha ruta kwenye kambala, ipige randa ya mkono, ukitazama madoa meupe au ya kijivu; ukiyakuta, yachokoe kwa patasi ya zamani. Mti wa libuyu hauna mawe, lakini nyuzi zake huenda huku na kurudi kule, na ruta inayong'oa nyuzi huacha shimo ukingoni. Hapo ondoa kidogokidogo, na pita ya mwisho iwe nusu milimita. Ubao mbichi usiupeleke kwenye ruta kabisa. Unajaza biti utomvu, biti inaungua, na mfuo uliokata leo utakuwa umebadilika ubao ukikauka.

Kabaidi ndiyo ya kununua, biti za chuma cha kawaida hazimalizi mlango mmoja wa kambala. Afadhali biti nne nzuri kuliko kisanduku cha 15 ambacho utatumia nne: iliyonyooka ya milimita 6, iliyonyooka ya 12, ya kukata ngazi yenye beringi, na ya kuviringa kona. Weka kando theluthi ya pesa yako kwa ajili hiyo. Biti inayotoa moshi na kuacha alama nyeusi mara nyingi haijaisha, imechafuka. Isugue kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini, kausha, jaribu tena.

Mwendo unategemea upana wa biti. Ya hadi milimita 25 inaweza kwenda 24,000. Ya milimita 50 ikizungushwa hivyo, ncha ya makali husafiri karibu mita 63 kwa sekunde, na hapo mkono hauwezi kuizuia ikikataa. Ishushe hadi 16,000 au chini. Mashine yenye mwendo mmoja wa 30,000 isiwekewe biti pana hata siku moja. Kuhusu mwelekeo: ukiwa umesimama mbele ya ukingo wa nje, sukuma kutoka kushoto kwenda kulia, ili biti ijivute kwenye mbao na kitako kibaki pale pale. Ndani ya chumba, zunguka kwa mwelekeo wa saa. Ukienda kinyume mashine hukimbia mbele yako.

Kwa milango na vitanda, meza ya ruta huongeza kazi kuliko wati. Chukua ubao mpana wa kambala mkavu, toboa katikati, funga ruta kichwa chini, na ubao mwingine ulionyooka uwe mwongozo unaobanwa kwa klampu. Sasa unasukuma mbao badala ya kusukuma mashine, na vipande vyembamba ambavyo kitako hakiwezi kukaa juu yake vinapita kwa usalama. Ruta ya swichi inayojifunga ikiwa imewashwa ndiyo inayofaa hapa. Ile ya kushikilia kidole muda wote itakusumbua. Mwelekeo kwenye meza hugeuka: mbao inatoka kulia kwenda kushoto.

Vumbi lisichukuliwe kama jambo la wazungu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 1995 kwamba vumbi la mbao husababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua hata kabla ya hapo. Ruta hutoa vumbi jembamba kuliko msumeno. Fanya kazi penye upepo, funga barakoa au kitambaa kizito, vaa miwani, na watoto wasicheze kwenye maranda. Masikio pia yazibwe. Plagi ichomolewe kila unapobadilisha biti, kila mara.

Dukani, usiridhike na mashine kuwaka. Funga biti uliyokuja nayo, zungusha kwa mkono huku umeweka kucha karibu na makali: ikiyumba, shafti au koleti si nyoofu, na mfuo wa milimita 6 utatoka wa 6.5. Zamisha kitako mara kadhaa na ujaribu kukitikisa. Nguzo mbili zisicheze, na kifungo kikikaza kisiteleze. Weka rula juu ya kitako, utazame kama kuna mwanga chini yake. Washa bila biti, sikiliza: mlio uwe mmoja bila kugugumiza, na harufu isiwe ya kuungua. Bandia za chapa kubwa ziko kila soko la kanda hii, na mara nyingi bamba lake limeandikwa vibaya au halina namba ya mashine. Ruta bandia ya jina kubwa ni mbaya kuliko ruta ya kweli ya jina dogo, kwa kuwa hata kaboni zake hazilingani na zile zinazouzwa.

Kaboni hizo ndizo zitakazoisha kwanza. Chagua mashine ambayo vifuniko vyake viko nje, vya kufungua kwa bisibisi, na nunua jozi mbili siku hiyohiyo. Ukiona cheche nyingi ndani ya mota au nguvu inakatikakatika, fungua, pima; kaboni iliyobaki milimita 5 au 6 ibadilishwe kabla haijakwangua shaba.

Wengi wetu hatutakwenda dukani wenyewe. Mashine itakuja na mfanyabiashara anayepanda kutoka Bukavu, au na mtu wa Kabambare anayeshuka Fizi hadi ziwani. Mtu huyo mpe karatasi, maana maneno ya mdomo hupotea njiani: volti 220, wati unazotaka na zile ambazo hutaki kuzidisha, kipimo cha koleti kwa milimita, bushi ndani ya boksi, koleti ya pili, kaboni za ziada. Mpe na biti moja ya zamani aibebe mfukoni aijaribu kwenye koleti pale pale. Mwambie apige picha ya bamba na aitume kwa simu kabla ya kulipa, na wewe ukae karibu na mtandao siku hiyo.